Esposito: Jina la Ukoo la Aliyewekwa Nje

Miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoenea sana kusini mwa Italia, hasa Naples, ni Esposito. Asili yake ni neno la Kilatini expositus, maana yake "aliyewekwa nje". Ndilo jina walilopewa watoto wachanga walioachwa na wazazi wao.

Huko Naples watoto hao walipokelewa katika nyumba ya Annunziata. Ukutani palikuwa na gurudumu la mbao: aliyemleta mtoto alimweka ndani yake, akalizungusha, na mtoto akapokelewa upande wa pili pasipo mletaji kuonekana. Gurudumu hilo lilifungwa mwaka 1875. Miji mingine nayo ilikuwa na desturi zake: Florence ilitoa jina Innocenti, yaani wasio na hatia, Milan ilitoa Colombo, yaani njiwa, kutokana na alama ya hospitali iliyowalea.

Jina Esposito lilitangaza aibu isiyo ya mtoto. Kwa hiyo serikali ya Joachim Murat, mfalme wa Naples 1808 hadi 1815, ilikataza majina ya namna hiyo. Lakini yale yaliyokwisha kuandikwa yaliendelea kurithiwa.

Sisi tusomao Maandiko tusipite upesi. Biblia ya Kilatini, katika Mdo. 7:21, hutumia neno lilo hilo juu ya Musa: naye aliwekwa nje, kisha akapata mlezi. Basi kuachwa si neno la mwisho. Tunapoandika katika daftari la ubatizo jina la mtoto ambaye baba yake hajulikani, tujihadhari kalamu yetu isimtwike mzigo ambao hata wajukuu wake wataubeba.