Ordinatere inaenda polepole? Angalieni mambo 3 mbele ya kununua ingine

Wandugu memba, wakati wa kahawa wakulima wanangojea malipo, na ordinatere ya koperative inachelewesha hesabu. Mara ingine haijaharibika: prosesa, ubongo wake, imejipunguzia mwendo.

Kwa Windows, tufinye Ctrl, Maj na Esc pamoja, tufungue Performances, tusome Vitesse. Kama inabaki karibu 0,8 GHz hata kazi ikiwa nyingi, tufanye hivi:

1. Tuizime, tutoe vumbi ku matundu ya upepo. Ikipata moto sana, inajipunguza ili isiungue.
2. Tusome wati ku shaje: ya 45 haitoshi kwa mashine inayoomba 65.
3. Ku mipangilio ya umeme, tutoe hali ya kuchunga batri.

Kisha tupime tena. Pesa ya memba isiende bure.