Mhasibu Kijana Atajifunzia Wapi?

Mnunuzi anayeingia leo katika duka la vitenge Kariakoo, akalipa fedha yake na kupewa risiti iliyochapwa na mashine, aghalabu hajui kwamba habari ya biashara ile imekwisha kusafiri na kufika katika mitambo ya Mamlaka ya Mapato kabla yeye hajakunja kitambaa chake na kuvuka kizingiti. Mashine hizo zilianza kutumika Tanzania mwaka 2010, kwanza kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani; na jirani zetu wa Kenya, waliotangulia kuwa na mashine za namna hiyo, tangu 2023 wameingia katika mfumo wa eTIMS, ambao kwa huo ankara ya muuzaji huifikia serikali papo hapo. Ukiongeza juu yake fedha za simu, ambazo M-Pesa ilizifungulia njia nchini Kenya Machi 2007, utaona kwamba sehemu kubwa ya miamala ya miji yetu huacha maandishi yenye tarehe, saa na kiasi bila ya karani yeyote kushika kalamu. Kazi ya kuandika, iliyokuwa mlango wa kuingilia katika uhasibu na riziki ya makarani wengi wa pwani na bara, yatendeka sasa pasipo mwandishi.

Kwa hiyo si ajabu kwamba wazazi ambao vijana wao wanasoma Chuo cha Usimamizi wa Fedha Dar es Salaam, au Chuo cha Uhasibu Arusha, au wanajiandaa huko Nairobi kwa mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu ya Kenya, huuliza kwa hofu ya haki kama wanawasomeshea watoto kazi iliyokwisha kufa. Hofu hiyo yastahili jawabu lenye adabu, wala si maneno ya kutuliza tu. Na jawabu langu ni kwamba kazi haifi, bali njia ya kuifikia ndiyo inayobomoka, na jambo hili la pili linashughulisha watu wachache mno kuliko inavyopasa.

Kwamba kazi haifi, historia yashuhudia. Mwaka 1979 Dan Bricklin, aliyekuwa mwanafunzi wa biashara Harvard, na mwenziwe Bob Frankston, walitoa programu iliyoitwa VisiCalc, ambayo ndiyo lahajedwali la kwanza la kompyuta ndogo lililoenea sokoni. Kabla yake, mhasibu aliyetaka kujua faida ya mwaka ujao itakuwaje endapo bei ya mafuta itapanda, alikuwa hana budi kufuta tarakimu katika karatasi pana yenye safu na mistari, na kupiga upya hesabu ya kila namba iliyoguswa na badiliko lile, ilhali kosa moja la juu lilitosha kuharibu yote ya chini. Kazi hiyo ndefu ikawa ya nukta chache. Lakini matajiri waliokuwa wakiuliza swali moja kwa mwaka, kwa sababu jawabu lake lilikuwa ghali, walianza kuuliza kumi kwa juma. Na mtu wa kuyatunga maswali hayo, kuyafasiri majawabu yake, na kuonya pale jawabu linapohadaa, akazidi kutakiwa. Waliopungua ni wale waliokuwa na ustadi wa kujumlisha peke yake.

Basi ni nini kinachobaki kwa mhasibu baada ya kuandika na kujumlisha kuondoka mikononi mwake? Kinachobaki ni kukadiria mambo yasiyo na yakini, na kusimama juu ya makadirio yake mbele ya watu wenye haja ya kuyapinda. Tazama mfano wa mabenki. Kwa kanuni ya zamani benki ilingoja mkopaji ashindwe, au dalili dhahiri ya kushindwa kwake itokee, ndipo iandike hasara. Na mwaka 2008, fedha za dunia zilipotikisika, ilidhihirika kwamba kungoja huko kulifanya hasara iandikwe ikiwa imechelewa na ikiwa ndogo kuliko ukweli wake. Kanuni mpya ya kimataifa, IFRS 9, iliyoanza kufuatwa Januari 2018, yaitaka benki iandike hasara inayotarajiwa tangu pale inapokopesha. Tuseme benki imemkopesha mkulima wa korosho wa Mtwara shilingi 10,000,000, ikakadiria kwamba uwezekano wa kushindwa kwake kulipa katika miezi 12 ijayo ni asilimia 5, na kwamba akishindwa, benki baada ya kuuza dhamana itapoteza asilimia 40 ya deni. Zidisha vitatu hivyo, utapata shilingi 200,000, na kiasi hicho hutolewa katika faida ya benki ingawa mkulima hajakosa hata lipo moja. Hali yake ikidhoofika kwa kiasi kikubwa, hesabu haitakuwa tena ya miezi 12 bali ya umri wote wa mkopo.

Kuzidisha ni kazi ya mashine, na mashine haichoki. Lakini ile asilimia 5 ilitoka wapi? Kama ilitoka katika kumbukumbu za miaka ambayo mvua ilinyesha kwa wakati na bei ya mnadani ilikuwa njema, yafaa nini katika mwaka wa ukame? Asiyejua kwamba sehemu kubwa ya korosho ghafi yetu hununuliwa India na Vietnam, na kwamba bei ya mkulima wa Tandahimba hutegemea viwanda ambavyo hatakaa avione, atalipokea kadirio lolote atakalopewa na programu, kwa kuwa hana cha kulipimia. Na mkurugenzi ambaye bakshishi yake ya mwisho wa mwaka hufuata faida ya benki atapenda iwe asilimia 3, ambayo hufanya hasara ya shilingi 120,000 badala ya 200,000. Tofauti hiyo ya 80,000 ni ndogo kwa mkulima mmoja; kwa mikopo 50,000 ya namna hiyo ni shilingi bilioni 4, na faida ya bilioni 4 isiyokuwapo yaweza kugawiwa kwa wenye hisa na kulipiwa kodi kabla mtu hajauliza. Mahali hapa ndipo uhasibu wa sasa unapokaa: baina ya 5 na 3. Hakuna mtambo uwezao kumwambia mkurugenzi kwamba 3 si kweli, kisha ukabaki katika chumba cha mkutano ukivumilia ghadhabu yake.

Makadirio ya aina hii yanaongezeka, hayapungui. Juni 2023 Bodi ya Kimataifa ya Viwango vya Uendelevu ilitoa viwango viwili, IFRS S1 na IFRS S2, ambavyo huzitaka kampuni zieleze namna hali ya hewa na mambo mengine ya uendelevu yanavyoweza kuathiri fedha zao, na Kenya imeweka ratiba ya kuvifanya sharti kwa kampuni zenye maslahi ya umma kuanzia 2027. Kampuni ya majani ya chai ya Kericho itapaswa kusema ni kitu gani kitaipata mvua ikihama majira. Mhasibu hataweza kujibu akiwa peke yake. Atahitaji mtaalamu wa kilimo, na mtaalamu wa hali ya hewa, na ujuzi wa kutosha wa kuwasikiliza bila ya kuwasadiki kwa upofu.

Na kusadiki kwa upofu ndiyo maradhi ya ukaguzi. Kampuni ya Ujerumani iliyoitwa Wirecard, iliyokuwa imepanda hadi kuhesabiwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za soko la hisa la nchi ile, ilikiri Juni 2020 kwamba euro bilioni 1.9 zilizokuwa katika vitabu vyake, na zilizosemekana kuwa zimewekwa katika mabenki mawili ya Ufilipino, huenda hazikuwapo kabisa. Mabenki hayo yalisema kwamba hati zilizoonyeshwa kwa majina yao zilikuwa za uongo. Kwa miaka kadhaa wakaguzi walikuwa wamezipa hesabu hizo hati safi. Kasoro haikuwa upungufu wa mitambo wala ugumu wa hesabu, kwani fani ya ukaguzi ina desturi ya zamani ya kuiandikia benki yenyewe, na kupokea jawabu kutoka kwa benki yenyewe, bila ya barua kupita mikononi mwa anayekaguliwa. Programu ya akili mnemba isomayo hati elfu kwa dakika moja itaisoma hati ya kughushi kwa ufasaha ule ule iisomao ya haki. Na kwa kuwa ilimu hiyo hiyo imewarahisishia waongo kazi ya kughushi barua, muhuri na hata sauti ya meneja, mkaguzi wa miaka ijayo atahitaji shaka iliyo kali kuliko ya babu zake.

Gharama ya kuipoteza shaka hiyo hailipiki. Arthur Andersen, nyumba ya ukaguzi iliyoanzishwa Chicago mwaka 1913, ilianguka mwaka 2002 baada ya kutiwa hatiani kwa kuharibu nyaraka za ukaguzi wa kampuni ya Enron, iliyokuwa mteja wake. Mahakama ya Juu ya Marekani iliitengua hukumu ile Mei 2005, lakini wakati huo wateja na wafanyakazi wake walikuwa wamekwisha kutawanyika, na haki iliyorudishwa haikumkuta mwenyewe.

Sasa nafika katika lile linalonihuzunisha. Busara ya kujua kwamba 3 si kweli haifundishwi darasani. Mimi na wenzangu tuliipata kwa kazi za chini zilizochosha. Kijana aliyeingia katika ofisi ya ukaguzi alipewa bunda la stakabadhi na kitabu cha fedha, akaambiwa alinganishe kimoja na kimoja. Alipelekwa ghalani Desemba 31 kuhesabu magunia wakati wengine wapo katika sherehe. Alikaa na taarifa ya benki akitafuta kwa nini hailingani na leja kwa shilingi mia tano. Katika kazi hizo, bila ya yeye kutambua, macho yake yalizoea namna hesabu za kweli zinavyofanana, hata siku moja akakuta mfululizo wa hundi, zote zimetiwa saini Jumapili, na moyo wake ukasita. Nahodha naye hakuanza kwa kushika usukani. Alianza kwa kufua maji ngamani na kuvuta amari, na humo ndimo alimojua tabia ya chombo.

Kazi hizo za ngamani ndizo mashine inazozichukua mwanzo, na inazifanya vizuri. Zamani mkaguzi alichagua stakabadhi sitini katika elfu sitini akatumaini kwamba zinawakilisha zilizobaki. Leo programu huzipitia zote elfu sitini, na kuzitenga zile zenye mashaka. Hayo ni maendeleo ya haki, na anayeyapinga anapinga ukweli kujulikana. Lakini kampuni ya ukaguzi iliyokuwa ikiajiri vijana ishirini kwa mwaka itaona kwamba watano wanatosha, na hao watano watawekwa mara moja mbele ya matokeo yaliyokwisha andaliwa, waambiwe wayahukumu, ilhali hawajapata kugusa kitu kinachohukumiwa. Miaka kumi na mitano baadaye, wazee wa leo watakapostaafu, ni nani atakayekuwa na ule moyo unaosita?

Vyombo vya kulishughulikia jambo hili tunavyo. Tanzania ina Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu kwa sheria ya mwaka 1972. Kenya ina KASNEB tangu 1969 na chama cha wahasibu, ICPAK, tangu 1978. Vyombo hivi vimefanya makubwa: Kenya ilipokea viwango vya kimataifa vya uhasibu mwaka 1999 na Tanzania Julai 2004, mapema kuliko mataifa mengi tajiri. Lakini mazoea ya kumpima mhasibu kwa saa za mafunzo alizoketi, ambayo yalitokana na kanuni ya dunia nzima ya saa 120 katika kila miaka mitatu, hayatoshi tena. Mtu aweza kuketi saa zote hizo katika ukumbi wa hoteli ya Mombasa au Arusha, akasikiliza hotuba njema juu ya akili mnemba, akarudi na cheti bila ya kupungukiwa ujinga.

Ningependa mtihani wa mwisho wa kila mtahiniwa uwe na siku moja ya kauli ya mdomo, ambapo atapewa matokeo kamili ya programu, yenye kosa lililopandwa humo kwa makusudi na wenye ilimu, kisha aketi mbele ya watahini watatu wanaojifanya wakurugenzi wenye haraka, aeleze kosa liko wapi, na kwa nini hatatia saini, kwa lugha ambayo mtu asiye mhasibu ataifahamu. Ningependa pia kila mwanafunzi, hata kama mashine inaweza kumfanyia kazi hiyo, afanye kwa mkono wake usuluhisho wa benki na hesabu ya ghala katika biashara ya kweli: duka la dawa, chama cha ushirika, au ofisi ya kijiji, ambayo kwa taratibu za Tanzania hupaswa kuusomea mkutano mkuu mapato na matumizi yake kila miezi mitatu. Akisimama pale, akaulizwa na bibi mmoja fedha za mfereji zimekwenda wapi, atajifunza kitu ambacho hakuna mtaala uliokiandika.

Gharama yake si ndogo, na sioni haki kuitupa juu ya mwanafunzi anayelipa ada kwa kuuza mazao ya wazazi wake. Wanaopata faida kubwa kwa mashine kuchukua nafasi ya vijana ni makampuni makubwa ya ukaguzi, na sehemu ya kile wanachokiokoa katika mishahara yapaswa irudi kuwalea hao watakaowarithi. Bodi ya Tanzania na ICPAK ya Kenya zina mamlaka ya kutoa na kuhuisha leseni zao kila mwaka, na sharti hilo laweza kuandikwa katika leseni hiyo. Na wakati hautungoji: Januari 1, 2027 kanuni nyingine, IFRS 18, itabadili sura ya taarifa ya faida na hasara ya kampuni zifuatazo viwango vya kimataifa. Vijana watakaoiandaa taarifa hiyo kwa mara ya kwanza wamekwisha sajiliwa, na baadhi yao wako katika vyumba vya mitihani.