Saa moja ya chai iliyotupatanisha Nyanza-Lac

NI Jumatano alasiri mjini Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi. Joto la Ziwa Tanganyika limeanza kupungua, na wanafunzi wangu nimeshawaaga. Nimeketi kwenye benchi la mgahawa mmoja ulio karibu na soko. Mbele yangu kuna kikombe cha chai ya tangawizi na maandazi mawili. Sina haraka. Chai hii huinywa kwa saa nzima, na sababu ninayo.

Msomaji aliyewahi kupita hapa akitokea Kigoma anaijua migahawa ya aina hii. Paa la bati, meza zilizotandikwa plastiki, chupa kubwa za chai na sahani ya maandazi iliyofunikwa kitambaa. Wateja ni wauza mawese, wauza dagaa, akina mama wa vitenge na sisi walimu. Sentensi inaanza kwa Kiswahili na kuishia kwa Kirundi. Mtu akitoa shilingi badala ya faranga hakuna anayeshangaa. Hesabu hupigwa kichwani na chenji inarudi.

Majani ya chai yenyewe hayalimwi huku kwenye joto. Yanatoka milimani, kwenye mashamba ya Teza, Rwegura, Ijenda, Tora na Buhoro, yaliyo chini ya Ofisi ya Chai ya Burundi (OTB) iliyoanzishwa mwaka 1971. Sehemu kubwa ya chai hiyo huuzwa nje, na mnada wa Mombasa ni njia yake ya siku nyingi. Kwa hiyo hata majani haya ni wafanyabiashara wa mpakani kama wateja wenzangu.

Mimi nilizaliwa mwaka 1979 Katumba, makazi ya wakimbizi yaliyokuwa katika wilaya ya Mpanda, Tanzania. Wazazi wangu waliikimbia Nyanza-Lac wakati wa mauaji ya 1972. Kule Katumba, chai ya saa kumi ilikuwa sheria ya nyumba. Watu wakitoka kwenye tumbaku, mama alikuwa ameshachemsha chai ya rangi na viazi vitamu. Nilisoma Kiswahili, nikasomea ualimu kwa Kiswahili, na Burundi niliijua kwa masimulizi ya baba tu.

Mwaka 2007 watu wa 1972 waliulizwa kama wanataka uraia wa Tanzania au kurudi kwao. Wengi walichagua kubaki, na watu wapatao 162,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010. Waliorejea walizidi 50,000. Baba alisema yeye anarudi kufa kwao. Mwaka 2008 tukapanda treni hadi Kigoma, kisha magari yakatuvusha Manyovu.

Tulipofika, shamba la babu lilikuwa na mwenyewe mwingine. Wasomaji waliorejea hawahitaji kuelezwa hilo. Ardhi za waliokimbia zilipewa watu wengine, na nyingine ziliuzwa mara mbili au tatu. Mzee tuliyemkuta hakuwa mnyang'anyi. Alikuwa amepewa shamba na wakubwa wa wakati ule, akapanda michikichi na kulea watoto saba. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, ilikuwa na mashauri mengi ya namna hiyo. Kabla ya kwenda huko, wazee wa kilimani waliomba hawa wawili wakutane kwanza.

Kwa desturi ya Kirundi, shauri la wanaume huzungumzwa kwenye mtungi wa pombe. Baba alikuwa mlokole, hagusi pombe. Ndipo ukachaguliwa mgahawa huu. Miadi ilikuwa saa kumi.

Saa kumi kamili kwa saa ya mkononi ya baba, tulikuwa tumekaa kwenye benchi hili. Chai ililetwa, baba hakuigusa. Robo saa ikapita, kisha nusu saa. Akasimama na kofia mkononi.

"Mwanangu, twende. Amenidharau mbele za watu. Kesho tunafungua kesi, na ninataka shamba lote."

Mama mwenye mgahawa alikuwa akipanga vikombe. Akauliza kwa heshima, "Mzee, samahani. Kwako wewe sasa ni saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu."

Akacheka. "Baba yangu, hiyo ni ya Tanzania. Hapa ni saa tisa na nusu. Kaa, unywe chai, hii iliyopoa nakubadilishia."

Kumbe tulikuwa na majuma matatu Burundi na hakuna aliyetuambia kwamba saa za Burundi ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa moja! Baba aliketi. Akamimina chai kwenye kisahani kama alivyozoea Katumba, akainywa taratibu. Kikombe cha pili kilipofika katikati alikuwa ameanza kumuuliza yule mama habari za watu wa zamani, nani yu hai na nani amekufa.

Saa kumi ya Burundi, yule mzee aliingia. Hakuchelewa hata dakika tano. Walisalimiana "Amahoro", wakanyamaza muda mrefu. Halafu yule mzee akasema jambo ambalo sitalisahau:

"Mzee mwenzangu, nilipopewa shamba nilikuta kaburi. Sikujua ni la nani. Kwa miaka yote hiyo sijapitisha jembe pale."

Lilikuwa kaburi la babu yangu.

Baba hakudai tena shamba lote. Waligawana nusu kwa nusu mbele ya bashingantahe, mpaka ukafuata mstari wa michikichi, na upande wenye kaburi ukawa wetu. Jioni ile baba alirudisha nyuma saa yake kwa saa moja.

Wazee wote wawili wameshafariki. Mimi nikapata kazi ya kufundisha Kiswahili, somo lililoingizwa katika shule za msingi za Burundi miaka ile ile. Watoto wa pande zote mbili wamepita darasani kwangu. Mwana mkubwa wa yule mzee ndiye ninayemsubiri sasa. Tumekubaliana kwamba neno la wazee halitoshi tena. Michikichi huzeeka na kuanguka, na wajukuu hawakuwapo. Leo anakuja na karatasi za kuombea hati ya kila upande, ili tuzisome pamoja kabla ya kuzipeleka kwenye ofisi ya ardhi ya komuni.

Ndugu zangu mnaovuka kila siku, mkipanga miadi semeni ni saa ya upande gani. Na ukimkosa mtu wako, agiza chai kwanza kabla hujasema umedharauliwa.

Huyo anaingia, bahasha iko kwapani. Wiki hii ni zamu yangu kulipa.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa Kiswahili, Nyanza-Lac.