Rai ya Mfugaji wa Isiolo

Katika mji wa Isiolo, mahali ambapo nyanda za juu za Meru hukoma ghafla na nchi kavu ya kaskazini ikaanza, maziwa ya ngamia huwasili asubuhi kwa madumu ya plastiki, na mikono inayoyapokea ni ya akina mama, aghalabu Wasomali, ambao hufungua kila dumu, hunusa, huonja kidogo, na lile lililoanza kuchacha huliweka kando kabla mengine hayajapakiwa katika basi la kwenda Eastleigh, Nairobi. Jirani na shughuli hiyo nilimsikiliza mzee mmoja wa Kiborana, mfugaji ambaye hajapata kushika cheo wala kugombea kiti, akieleza rai yake juu ya siasa, juu ya mvua na juu ya hulka ya Wakenya. Naye hakuyagawa mambo hayo mafungu matatu kama tufanyavyo sisi waandishi, kwa sababu yote aliyaanzia kwa ngamia.

Ili msomaji aifahamu kadhia yake, hana budi kurejea miaka ya mwisho ya ukoloni. Isiolo ilikuwa ndani ya Northern Frontier District, jimbo ambalo Waingereza walilifunga tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini, mtu asiingie wala asitoke pasipo kibali. Mwezi wa Oktoba 1962 tume ya watu wawili, mmoja Mnigeria na mwingine jenerali wa Kanada, ilizunguka jimboni ikiwauliza wenyeji kama walitaka kubaki Kenya au kuungana na Somalia, ikakuta kwamba Wasomali na Waborana wengi Waislamu walitaka kujitenga. Rai yao ilisikilizwa, ikaandikwa, kisha ikawekwa kando; mwaka uliofuata Uingereza iliamua vingine, na Isiolo ikatiwa katika Jimbo la Mashariki. Wala haikuwa rai ya wote: tarehe 28 Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya hapo Isiolo, aliuawa pamoja na chifu Haji Galma Dido, nao walikuwa wakiwasihi watu wabaki Kenya.

Vita vilivyofuata baina ya serikali na waasi waliotaka kujitenga, vilivyoitwa Vita vya Shifta, vilidumu hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, na humo ndimo ngamia alimoangamia. Serikali iliwakusanya wafugaji katika vijiji vya kulindwa, mathalani Garba Tula na Merti, na mifugo iliyokatazwa kutawanyika malishoni ikafa kwa njaa na maradhi. Ama ngamia, kwa kuwa alidhaniwa ndiye mchukuzi wa mizigo ya waasi, aliuawa kwa makusudi. Jamaa nyingi za Waborana wa Isiolo zilitoka vitani hazina ngamia hata mmoja. Mzee huyu alikuwa mtoto wakati huo, na baba yake alianza upya kwa mbuzi, kisha ng'ombe, mnyama ambaye ana thamani kubwa sokoni lakini hastahimili kiu.

Basi ukame ulipoingia mwishoni mwa 2020, na misimu mitano ya mvua ikapita mfululizo hadi mwisho wa 2022 bila ganna, yaani mvua ndefu, wala hagaya, mvua fupi, ya kutosha, Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2, mzee hakuuita msiba wa mbingu peke yake. Wanasayansi walioupima ukame huo walibainisha kwamba joto la dunia, linaloletwa na moshi wa nchi zenye viwanda, liliufanya uwe mkali kuliko ambavyo ungekuwa. Mzee hakatai, walakini anauliza ni nani aliyemnyang'anya mnyama ambaye angeuvuka. Alipopata fedha, zile za ng'ombe aliowauza kabla hawajakonda, alinunua ngamia, na leo maziwa yao yamo katika yale madumu. Katika maisha yangu ya uandishi nimesoma maandiko mengi juu ya kustahimili mabadiliko ya tabianchi, na machache mno yaliyokumbuka kwamba hapa Isiolo kustahimili ni kurudisha kilichoharibiwa kwa amri.

Mbali na mvua kuna mto, na juu ya huo Ewaso Nyiro, ushukao kutoka nyanda za juu hadi Merti, hatukuafikiana katika kila jambo. Yeye analaumu mashamba ya huko juu, Timau na Nanyuki, yanayovuta maji kumwagilia maua na mboga. Mimi naona ya kuwa mvua haba nayo ina sehemu yake, ingawa ni kweli kwamba mtu wa Merti hupata mabaki ya kila aliyekunywa kabla yake. Tangu mwaka 2013 watu wa bonde hilo wamefanya msafara wa ngamia kandokando ya mto, wakipinga bwawa kubwa lililokusudiwa kujengwa huko juu, na mzee anauhesabu msafara huo kuwa siasa yenye maana kuliko mikutano ya kampeni.

Kwa serikali ya kaunti, iliyoanza mwaka 2013, ana shukrani na ana uchungu. Waraka wa Serikali Na. 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye ardhi nzuri yenye mvua, na kwa miaka mingi Isiolo ililipia kosa la kuwa kavu. Sasa lami imefika Moyale, na madaraka yamesogea karibu na raia. Lakini anasema kiti kilipokuwa karibu, kabila nalo lilipanda bei: mapigano ya 2011 na 2012, Waborana, Waturkana, Wasomali na Wasamburu wakiuana mjini na vijijini uchaguzi ukikaribia, hayajamtoka moyoni.

Na Mkenya ni mtu gani? Alijibu kwamba Mkenya ni mkarimu akiwa peke yake na mwenye pupa akiwa kundini, jibu ambalo sijapata kulisikia kwa msomi yeyote. Yeye mwenyewe husemezana na Mmeru wa miraa, Msomali wa duka na Mturkana wa mbuzi, kila mmoja kwa lugha yake kadiri awezavyo, ilhali wanawe, kama vijana wengi wa kaskazini, walisailiwa mbele ya kamati maalumu kabla ya kupewa kitambulisho, desturi ambayo Rais aliamuru ikomeshwe mnamo Februari 2025. Insafu ingetaka swali la uraia aulizwe yule ajuaye lugha moja tu.

Nilipomwuliza anataka nini kwa serikali, hakutaja fedha. Anataka kwamba litakapokuja tena shauri la bwawa, barabara au ardhi ya jumuiya, baraza lifanyike Merti wakati wa kiangazi, wala si hotelini mjini katika msimu wa mvua. Kwa maana mvua ikinyesha wafugaji hutawanyika katika malisho ya mbali, na wakati wa kiangazi wote huwa karibu na mto, na wazee wa dedha, ambao ndio wagawao malisho na visima, hupatikana siku yoyote.