Kompyuta Imekuwa Nzito? Tazama Diski Kwanza

Huenda nyumbani kwenu, Nachingwea au Ruangwa, kuna kompyuta inayochukua dakika nyingi kuwaka. Usiharakishe kuitupa. Mara nyingi tatizo ni diski.

Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kidogo hukimbia huku na huku kikitafuta faili. Diski ya SSD haina kinachozunguka. Huhifadhi kila kitu kwenye chipu, kama flashi. Ya zamani husoma kiasi cha megabaiti 100 kwa sekunde. SSD ya SATA hufika 500. Tena haidhuriwi upesi na mtikisiko wa safari.

Ukitaka kubadilisha, fuata haya:

1. Nakili faili zako zote kwenye flashi au diski ya nje.
2. Muulize fundi kama kompyuta hutumia SATA ya inchi 2.5 au M.2, kabla hujanunua.
3. Zima, chomoa waya wa umeme na betri, kisha funga SSD.
4. Weka Windows au Linux, halafu rudisha faili.

Angalia sana hatua ya kwanza. Diski ya zamani ikichoka, aghalabu hulia kwanza. SSD yaweza kufa kimya, na kilichomo ni vigumu kukiokoa. Picha za marehemu babu hazinunuliwi dukani. Kwa hiyo diski ya zamani, kama ni nzima, itunzeni iwe nakala ya pili.