Kupiga Msasa: Maandalizi ya Bodi ya Gari Kabla ya Rangi Mjini Voi

Utangulizi

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii ya waundaji wa vyombo vya bahari inafaa pia bara, katika karakana za jua kali mjini Voi, kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Matatu iliyopakwa rangi upya huvutia macho, ila uzuri wake hutegemea kazi iliyotangulia tone la kwanza la rangi. Makala haya yanafafanua kazi hiyo na kugusia mchango wake katika lugha.

Wekundu wa aina mbili

Udongo wa Taita Taveta ni mwekundu kwa kuwa una oksidi ya chuma. Ndio uwapao ndovu wa Tsavo rangi yao mashuhuri. Kutu nayo ni oksidi ya chuma. Fundi hana budi kutofautisha wekundu wa vumbi, unaoondoka kwa maji, na wekundu wa kutu, ambao umekwisha kulila bati. Kutu ikifunikwa kwa rangi huendelea kula chini kwa chini, hata rangi ikafura na kubanduka.

Mfuatano wa kazi

Kwanza, gari huoshwa kwa maji na sabuni, likasuuzwa na kukaushwa. Pili, grisi na nta hufutwa kwa kiyeyusho na kitambaa safi, kisha kitambaa kikavu hufuata kabla kiyeyusho hakijakauka. Hatua hii hutangulia msasa, kwa sababu msasa ukipita juu ya mafuta huyasukuma ndani ya mikwaruzo. Mafuta yakisalia, rangi huyakimbia na kuacha vishimo vya mviringo. Hata alama ya kidole yaweza kuharibu kazi.

Tatu, ndipo msasa hushika zamu. Kadiri nambari yake inavyopanda ndivyo chembe zake zinavyokuwa laini. Nambari 80 hukwangua kutu hadi chuma king'ae. Pati iliyojaza mabonde husawazishwa kwa 180 na kuendelea. Prima iliyokauka hulainishwa kwa 400 au 600. Anayeruka kutoka 80 hadi 600 huacha mikwaruzo itakayojitokeza rangi ikikauka. Aidha, pati haifai kupigwa msasa wa maji, kwani hunyonya unyevu ambao baadaye huinua rangi kwa malengelenge. Maji yaliyo ndani ya kompresa huleta balaa iyo hiyo, hivyo hufunguliwa yatoke kabla ya kazi.

Mwisho, vumbi la msasa hupulizwa na kufutwa, na sakafu hunyunyiziwa maji ili vumbi lisipae. Palipo na upepo wa nyika, hatua hii si ya kupuuzwa.

Msasa katika lugha

Msasa ni jina la mti ambao majani yake ya kukwaruza yalitumiwa kulainishia mbao. Jina hilo likahamia kwenye karatasi ya dukani. Katika mihadhara, kupiga msasa insha au mswada ni kuipa kazi mng'ao wa mwisho. Kwa fundi wa rangi mambo ni kinyume: msasa huja mapema, na hukwaruza uso laini ili rangi ipate pa kushika. Uso unaoteleza hauhifadhi rangi. Sitiari ya wasomi imechukua ulaini ikaacha mshiko.

Hitimisho

Maelezo yaliyo kwenye mikebe ya rangi aghalabu huwa ya Kiingereza, ilhali mwanagenzi hufunzwa kwa Kiswahili, kwa kutazama na kusikia. Asipoelezwa sababu ya kila hatua, ataruka ile asiyoiona faida yake, na mwenye gari atalipa mara mbili. Ipo haja, basi, ya wanafunzi wa Kiswahili kuzuru karakana na kukusanya istilahi hizi, za asili kama kutu na malengelenge, na za mkopo kama pati na prima, ili mwongozo wa kazi uandikwe kwa lugha ambayo kazi yenyewe inatendwa.