Mama Mkwe Akikuita Kwenye Tambiko la Mvua

"Sista, mama mkwe ameniita kwenye tambiko la mvua. Niende au nisiende?"

Akina mama wapendwa, swali hili nimeulizwa mara nyingi kliniki, mawingu ya Novemba yakianza kutanda huku kwetu Shinyanga na Geita.

Enzi za watemi, mwanzo wa msimu ulikuwa jambo la nchi nzima. Mtemi ndiye aliyetazamiwa kuleta mvua, na ikikosekana aliweza kuondolewa. Utemi ulifutwa mwaka 1963, lakini zipo kaya ambazo masamva, yaani mizimu ya mababu, bado huombwa kwa pombe au unga wa mtama kabla ya kupanda.

Tusiwadharau wazee wetu. Kushukuru kwa mvua si dhambi. Soma Matendo 14: watu wa Listra walipotaka kumtolea Paulo dhabihu ya ng'ombe, hakuwatukana. Aliwaeleza kwamba aliyekuwa akiwapa mvua na mavuno siku zote ni Mungu aliye hai.

Kwa hiyo, mwanangu, nenda mapema. Chota maji, saga unga, waamkie wakwe zako. Kabla ya shughuli kuanza, mweleze mama mkwe faraghani, kwa unyenyekevu, kwamba wewe humwomba Mungu peke yake. Chakula cha kawaida kula. Ukiambiwa kimetolewa kwa mizimu, acha, kama Paulo anavyofundisha katika 1 Wakorintho 10. Kisha Jumapili peleka kikapu chako cha mbegu kanisani kiombewe, na umwalike mama mkwe.

Kama muuguzi, ninaogopa zaidi yale yanayofuata. Mvua huleta mbu, na mbu huleta malaria. Mtoto akishikwa na homa, utasikia kwamba masamva wamekasirika kwa sababu mkamwana alikataa tambiko. Au atanyooshewa kidole bibi mwenye macho mekundu, ambayo mara nyingi yameharibiwa na moshi wa jikoni. Vikongwe wasio na hatia wameuawa mkoani kwetu kwa shutuma kama hizo.

Mama, wakati wengine wanatafuta wa kulaumiwa, wewe mbebe mtoto umwahishe zahanati siku hiyo hiyo. Mlaze ndani ya chandarua kila usiku. Na bibi huyo mpelekee uji, watu wakuone.

Hapo ndipo jirani zako watakapojua unamwomba nani.